Alama na Koti Jeupe: Matokeo ya Shule Yana Uzito Gani Kamenge?

Kila matokeo ya mtihani wa taifa yanapotangazwa Burundi, swali moja huzunguka katika familia za kaskazini mwa Bujumbura, kuanzia Kamenge na Kinama hadi Cibitoke na Ngagara: asilimia hizi zinatosha kusomea udaktari? Kamenge swali hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mlango unaogombewa uko papo hapo mtaani. Hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Burundi, inayoitwa CHUK kwenye makaratasi na Roi Khaled midomoni mwa watu, kwa jina la mfalme wa Saudi Arabia, iko Kamenge pamoja na kitivo cha tiba. Mtoto wa mtaa huu anaweza kuzaliwa katika hospitali hiyo, akakua akiwaona wanafunzi wa makoti meupe wakipita kila asubuhi, na bado asiwahi kuingia humo kama mwanafunzi.

Kinachomzuia, kwa maneno ya wengi, ni alama. Baadhi ya wazazi na walimu wanalalamika kwamba tunawachagua madaktari kwa namba badala ya moyo. Wengine wanajibu kwamba tukiacha namba tutabaki na kujuana. Kila upande una hoja. Nikipima ushahidi uliopo, naona kwamba alama zina uzito mkubwa mno mlangoni, uzito wa kadiri darasani, na uzito mdogo kando ya kitanda cha mgonjwa. Hata hivyo, kuziondoa mlangoni kungemuumiza kwanza yule yule mtoto wa Kamenge tunayedhani tungemsaidia.

Alama za wapi, na za lini?

Mjadala huu mara nyingi hupotea kwa sababu watu wanazungumzia alama tofauti. Marekani mtu husoma kwanza shahada ya miaka minne ndipo aombe udaktari, kwa hiyo zinazopimwa ni alama za chuo. Burundi ilirithi njia ya Ubelgiji: kijana anatoka sekondari na kuingia kitivo cha tiba moja kwa moja. Baada ya miaka tisa ya shule ya msingi na mingine mitatu juu yake, anafanya mtihani wa taifa, na alama zake pamoja na chaguo lake ndizo zinazomwelekeza kwenye kitivo.

Jambo ambalo wazazi hulitambua wakiwa wamechelewa ni kwamba uamuzi mzito hufanyika kabla ya mtihani huo. Mwishoni mwa mwaka wa tisa mwanafunzi hupangiwa mchepuo: sayansi, lugha, uchumi, ualimu au ufundi. Aliyepelekwa sayansi njia yake bado ipo. Aliyepelekwa kwingine njia yake imekuwa nyembamba sana, na wakati huo pengine ana miaka 15 au 16 tu. Kwa maana hiyo, alama za hesabu na sayansi za mwaka wa tisa, ambazo hakuna anayeziita alama za udaktari, ndizo zinazofunga au kufungua mlango wa kwanza.

Mlango wa pili uko ndani. Katika desturi ya vyuo vya Ubelgiji na Ufaransa, lango la nje liliachwa wazi kwa muda mrefu na kazi ya kuchuja ikaachiwa mwaka wa kwanza. Ufaransa iliweka kikomo cha idadi ya wanafunzi wa tiba mwaka 1971, na kwa miongo kadhaa vijana waligombea nafasi hizo baada ya mwaka mmoja wa masomo makali, hadi mfumo ulipobadilishwa mwaka 2020. Ubelgiji nayo ilichoka kuchujia ndani: upande wa Waflemi ulianzisha mtihani wa kuingilia udaktari mwaka 1997, na upande wa wasemaji wa Kifaransa ukafuata mwaka 2017. Bujumbura imebaki na sehemu kubwa ya desturi ile ya zamani. Mwanafunzi aliyeingia akijivunia asilimia zake za sekondari anakutana na fizikia, kemia na baiolojia ya seli katika ukumbi uliojaa, na mitihani ya mwaka wa kwanza ndiyo inayosema nani anaendelea, nani anarudia darasa, nani anatafuta kitivo kingine. Kuanzia hapo hakuna anayemuuliza tena alipata asilimia ngapi sekondari.

Majirani wanavyopima

Tukivuka mipaka tunaona kwamba uzito wa alama ni uamuzi wa watu, na kila nchi imejiamulia wake. Tanzania, anayetaka shahada ya udaktari anatakiwa kuwa na ufaulu wa kidato cha sita katika fizikia, kemia na baiolojia, ile tahasusi inayoitwa PCB. Kiwango cha chini kilichowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu ni jumla ya pointi 6, bila kushuka chini ya D katika somo lolote kati ya hayo matatu. Kisicho wazi kwa wengi ni kwamba kiwango hicho kinampa mtu haki ya kuomba tu. Katika chuo kama Muhimbili, waombaji wenye alama za juu ni wengi kuliko viti, na mwenye D tatu hana sababu ya kulala akiwa na matumaini. Lakini Tanzania imeweka pia njia ya pembeni iliyo muhimu: tabibu mwenye stashahada, ambaye amekwisha kutibu watu katika vituo vya afya, anaweza kuomba shahada akiwa na ufaulu mzuri wa stashahada yake na masomo ya sayansi ya kidato cha nne.

Kenya, baraza linalosimamia madaktari linataka mwanafunzi wa udaktari awe na wastani wa B katika mtihani wa kidato cha nne, na B katika masomo ya msingi yakiwemo baiolojia na kemia. Juu ya kiwango hicho, ushindani wa vyuo vya serikali hupangwa kwa pointi za kundi la masomo ambazo ukomo wake ni 48, na udaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi hukaa karibu kabisa na ukomo huo.

Uganda ndiyo inayofundisha zaidi. Makerere, ambako tiba imefundishwa tangu 1924, hesabu ya kuingilia huonyesha waziwazi kila somo lina thamani gani. Kwa udaktari, alama za baiolojia na kemia huzidishwa mara tatu, za fizikia au hisabati mara mbili, na za masomo madogo huhesabiwa mara moja. Tangu 1990 msichana aliongezewa pointi 1.5, na baadaye zikatengwa nafasi kwa wilaya ili mtoto wa kijijini asipambane moja kwa moja na aliyesoma shule maarufu ya Kampala. Watu wamelumbana kuhusu pointi hizo kwa zaidi ya miaka 30. Lakini ukweli kwamba wanalumbana unaonyesha faida yake: kanuni iko mezani, kila mzazi anaweza kuifanyia hesabu, na anayetaka kuipinga anajua anapinga nini.

Wapo pia wasomaji wetu walioko mbali. Familia za wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 zilihamishiwa Marekani kutoka kambi za Tanzania kuanzia 2007, na watoto wao sasa wako vyuoni. Kwao alama zina sura nyingine. Wastani wa alama za chuo za walioanza udaktari katika miaka ya karibuni ni takriban 3.8 kati ya 4.0, na alama za MCAT, mtihani wa kuingilia udaktari, ni karibu 512 kati ya 528. Kila mwaka zaidi ya watu 50,000 huomba, na chini ya nusu yao ndio hupata kiti. Hata katika kundi lenye alama za juu kabisa wapo wanaokataliwa, kwa sababu vyuo vya huko husoma pia barua, mahojiano, kazi za kujitolea na saa ambazo mtu amezitumia karibu na wagonjwa. Huko alama nzuri zinakufikisha kwenye meza ya kusomwa. Zisipokuwepo, hayo mengine hupata shida kusomwa kabisa.

Alama zinatabiri nini?

Swali hili limechunguzwa kwa makini. Mwaka 2002 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha mapitio ya Ferguson na wenzake yaliyokusanya tafiti nyingi kuhusu wanafunzi wa udaktari. Waligundua kwamba matokeo ya awali ya masomo yanaeleza takriban asilimia 23 ya tofauti za ufaulu ndani ya chuo cha tiba, na asilimia 6 tu ya tofauti za uwezo baada ya kuhitimu. Yaani, ukitaka kujua nani atafaulu mtihani wa anatomia, mtazame aliyefaulu baiolojia. Ukitaka kujua nani atakuwa daktari hodari miaka kumi baadaye, cheti cha shule kinakuambia machache.

Tukio la Houston, Texas, linatia nguvu hoja hiyo. Mwaka 1979 chuo cha tiba cha huko kilikwisha kuchagua wanafunzi wake 150, ndipo bunge la jimbo likaagiza kiongeze wengine 50. Waliobaki bila chuo walikuwa wa mkiani mwa orodha ya waliohojiwa, wengi wao wakiwa wamekataliwa kila mahali. Wakachukuliwa. Walipofuatiliwa katika masomo na hata katika mwaka wa kwanza wa kazi, hapakuonekana tofauti ya maana kati yao na wale waliochaguliwa mwanzo. Orodha ambayo kamati iliipanga kwa jasho ilikuwa imepanga watu ambao kwa kweli walikaribiana.

Uholanzi ilichukua hatua ya ujasiri zaidi. Kuanzia 1972 iligawa nafasi za udaktari kwa bahati nasibu yenye mizani: kadiri alama zako zilivyokuwa juu, ndivyo uwezekano wako ulivyoongezeka. Utaratibu huo ulidumu miongo kadhaa, ukaachwa mwaka 2017, kisha sheria ikauruhusu tena mwaka 2023.

Ushahidi huu husomwa vibaya na wanaotaka kuzidharau alama. Waliochunguzwa katika mapitio ya BMJ na Houston wote walikuwa wamekwisha kuvuka kizingiti cha juu cha masomo. Tafiti zinasema kwamba miongoni mwa wenye alama nzuri, tofauti ndogo hazina maana kubwa. Hazisemi kwamba asiyeelewa kemia ataelewa kipimo cha dawa ya mtoto mchanga. Kwa hiyo alama ni kizingiti cha haki, ila ni rula mbovu ya kuwapanga waliokwisha kuvuka kizingiti hicho. Kati ya mwenye asilimia 78 na mwenye 76 hakuna daktari bora anayejulikana. Kuna siku ya mtihani tu.

Kwa nini Burundi haiwezi kuziacha

Kama ushahidi ni huo, kwa nini tusihamie kwenye mahojiano na barua za sifa? Jibu liko katika historia yetu, na Kamenge inaijua historia hiyo mwilini.

Mwaka 1972 Wahutu wengi waliosoma, wakiwemo wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu, waliuawa. Kwa familia nyingi, kumpeleka mtoto mbele kimasomo kukawa ni kumweka hatarini. Katika miaka ya 1980 zikasikika tuhuma kwamba karatasi za mtihani wa kuingilia sekondari ziliwekewa alama za siri kutambulisha kabila la mtoto. Kisha ikaja Oktoba 1993, kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, na vita. Kamenge ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia zaidi, na mwaka 1995 wakazi wake wengi walikuwa wametimuliwa. Mwaka huo huo wanafunzi waliuawa ndani ya kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi. Mkataba wa amani wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, haukulikwepa suala la elimu: ulidai nafasi za masomo zigawanywe kwa haki, kwa sababu wote waliokaa mezani walijua kwamba shule ilikuwa sehemu ya chanzo cha ugomvi.

Katika nchi yenye kumbukumbu hizo, mtihani unaosahihishwa bila jina ni ulinzi. Mahojiano yana sura, jina la ukoo, lafudhi na mkoa wa kuzaliwa. Barua ya sifa ina mjomba anayemjua mkuu wa kitengo. Bujumbura ni mji mdogo ambamo watu wanajuana kwa nyumba na kwa parokia, na kila nafasi ya hiari ya mchaguaji ni nafasi ya simu kupigwa usiku. Mtoto wa muuza ndizi wa soko la Kamenge hana wa kumpigia simu. Ana alama tu. Ndiyo maana nasema kilio cha kutaka moyo badala ya namba, kikifuatwa bila uangalifu, kitampokonya maskini silaha pekee aliyonayo.

Yanayofichwa na asilimia

Lakini kuzilinda alama hakumaanishi kuziamini zote sawasawa. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, na asilimia 75 za sekondari yenye maabara, walimu wa kudumu na bweni lenye umeme hazikuundwa kama asilimia 68 za shule ambayo mwalimu wa fizikia anaingia mara moja kwa wiki na majaribio ya kemia huchorwa ubaoni. Vijana wa mitaa ya kaskazini wamekuwa na kimbilio katika Kituo cha Vijana Kamenge, kilichoanzishwa na wamisionari Waksaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990, chenye maktaba na mahali pa kujisomea pasipouliza kabila. Kituo kimoja hakiwezi kujaza pengo la shule nzima, na karatasi ya matokeo haina safu ya kuandika kwamba mtu alisomea kwa mwanga wa simu.

Jambo la pili linalofichwa ni lugha. Sayansi ya sekondari na udaktari vyote hufundishwa na kutahiniwa kwa Kifaransa. Alama ya baiolojia ni alama ya baiolojia na Kifaransa kwa pamoja. Mgonjwa anayefika Roi Khaled, kwa upande wake, anaeleza maumivu yake kwa Kirundi, na wengi wa mitaa ya Buyenzi na Kamenge kwa Kiswahili. Uwezo wa kumsikiliza mama akieleza homa ya mtoto kwa maneno yake mwenyewe, na kumweleza dawa akaelewa, hauna asilimia hata moja katika hesabu ya kuingilia.

La tatu ni fedha. Karibu na chuo cha serikali vimekua vyuo binafsi vinavyofundisha tiba. Chuo Kikuu cha Hope Africa, kwa mfano, hutumia Hospitali ya Kibuye, mkoani, kufundishia wanafunzi wake. Vyuo hivi vimeongeza madaktari katika nchi inayowahitaji mno: Burundi ina chini ya daktari mmoja kwa kila watu 10,000, na tangu Mei 2006, serikali ilipofuta malipo ya matibabu kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua, foleni za hospitali zimekuwa ndefu. Lakini matokeo yake ni kwamba uzito wa alama unategemea mfuko wa mzazi. Mwenye ada akikosa kiti cha serikali ana mlango mwingine, iwe Bujumbura, Ishaka nchini Uganda, au mbali zaidi. Asiye na ada, asilimia mbili pungufu zinamfungia maisha.

Hukumu

Kwanza, alama zibaki kizingiti, na kizingiti kiwe cha juu katika kemia, baiolojia na fizikia, na mitihani isahihishwe bila majina. Pili, kanuni ya kupanga itangazwe kama ya Makerere: kila somo lina uzito gani, na nafasi ngapi zimetengwa kwa mikoa na kwa shule zisizo na maabara. Tatu, juu ya kizingiti, tofauti za asilimia moja au mbili zisiamue hatima ya mtu. Hata bahati nasibu ya wazi ni ya haki kuliko kujidanganya kwa nukta. Nne, ifunguliwe njia pana kwa wauguzi wenye uzoefu, kama Tanzania ilivyowafungulia matabibu, maana mtu aliyekesha wodini miaka mitano ameonyesha kitu ambacho mtihani haukipimi. Tano, utu na usikivu vipimwe ndani ya mafunzo, wodini, kwa Kirundi na Kiswahili, mbele ya wasimamizi zaidi ya mmoja, na kushindwa huko kuwe kushindwa kweli.

Kwa kijana anayesoma hapa, maneno ni machache. Yapiganie masomo matatu ya sayansi kuanzia mwaka wa tisa, wala usikipuuze Kifaransa. Ukikosa mara ya kwanza, usijitangazie msiba. Denis Mukwege wa Bukavu alisoma miaka miwili katika kitivo cha uhandisi Kinshasa kabla ya kuanza udaktari katika Chuo Kikuu cha Burundi mwaka 1976. Alihitimu mwaka 1983, akaanzisha Hospitali ya Panzi mwaka 1999, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Leo wanawake waliotibiwa Panzi hawaulizi alipata asilimia ngapi. Wizara ya elimu, kwa upande wake, inadaiwa jibu moja la maandishi kabla ya matokeo yajayo kutangazwa: kanuni ya kuingia Kamenge ni ipi, na nani aliyeipitisha?